Ua Lina Mgongo

Mgeni anayepanda uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, msimu wa maua hushuka na picha mia na kitu kwenye simu, na ukimwuliza hili ni ua gani, jibu lake ni moja: okidi. Mwonyeshe la pili, okidi. La tatu nalo okidi, hata kama ni la ukoo wa alizeti. Simcheki. Uwanda wenyewe umepata sifa kwa okidi, aina 45 za zile zinazoota ardhini, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, si kwa ajili ya tembo wala simba. Lakini mimea iliyoorodheshwa pale inafika aina 350, na anayetaka kuijua kwa majina atagundua mapema kwamba picha ya kupendeza na picha ya kutambulia ni kazi mbili tofauti.

Riziki yangu mimi ni harusi. Napiga picha za send-off, ndoa, kipaimara na mahafali hapa Mbeya mjini. Kwaresima ikiingia, makanisa mengi hayafungishi ndoa, kamera inalala kabatini, na hiyo hiyo ndiyo miezi ambayo Kitulo imechanua. Ndivyo nilivyoanza. Sikuwa na mapenzi yoyote ya botania; nilikuwa na lenzi ya macro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, niliyoinunua kwa ajili ya pete za maharusi, na sikutaka ikae bure.

Kazi ya harusi inakufundisha kutafuta uso. Bibi harusi unamweka mwanga ubavuni, unafifisha kila kilicho nyuma yake, unaficha waya za spika na viti vya plastiki, unabaki na uso tu. Maua niliyapiga hivyo hivyo na watu waliyapenda. Mteja mmoja alichukua picha kubwa ya ua la njano liitwalo Moraea akaitundika sebuleni kwake. Nikamtumia nyingine mwalimu mmoja wa botania niliyewahi kumpigia harusi ya binti yake, anitajie majina. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Dada, nzuri mno hizi. Lakini uso huo ua limemwandalia nyuki, si mimi. Nigeuzie nione mgongo."

Tangu hapo huwa napiga ua picha kama polisi anavyompiga picha mtuhumiwa: mbele, ubavuni, nyuma. Halafu naongeza vitu ambavyo hakuna atakayevitundika sebuleni. Jani, pale linaposhikana na shina. Upande wa chini wa jani, maana vinyweleo mara nyingi vinakaa huko. Shina linapoingia ardhini. Mmea mzima na majirani zake, ili mtu aone kama ulisimama kwenye majani makavu, kwenye mwamba au kwenye tope la bondeni. Na picha moja yenye rula pembeni, kwa sababu lenzi ya macro haina adabu: ua dogo kama punje ya mchele linajaa kioo chote, na mtu akiliona hivyo anadhani lina ukubwa wa kiganja.

Njia ninayoipenda ni ya Chimala. Unaacha barabara kuu ya Dar es Salaam, unaanza kupanda ukuta wa mlima kuelekea Matamba kwa kona zilizoipa barabara ile jina lake, Hamsini na Saba. Kuna njia nyingine ya Isyonje, na ukitokea Tukuyu au Uyole ni ya karibu zaidi, ila mimi kona zile zinaniamsha. Mvua ikiwa imenyesha usiku usiende na gari la kubahatisha. Juu, uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na mlima Mtorwi pembeni yake unafika 2,961. Baridi yake ni ya koti kweli. Watu wa Dar wanaokuja na fulana huwa tunawaazima vitenge.

Kila ninayempeleka huko namwanzishia kwenye kuhesabu stameni, kwa sababu jambo hilo halihitaji Kilatini. Stameni ni zile nyuzi zenye chavua. Ukikuta ua lenye petali sita, angalia katikati. Zikiwa tatu, uko kwenye ukoo wa gladiola. Zikiwa sita, uko kwenye zile koo zinazofanana na yungiyungi, na huko ndiko waliko Kniphofia, yale mashada marefu mekundu na ya machungwa yanayosimama bondeni. Hao Kniphofia watu huwaita shubiri. Shika jani lao: ni refu, jembamba, limekunjika katikati kama la nyasi, halina miiba pembeni wala utomvu mzito wa shubiri. Jani limemaliza ubishi, na ua hata hujaligusa.

Moraea yeye anaficha. Moraea callista ni ua pana la njano, unaliona kutoka mbali hata kwenye ukungu. Katikati yake kuna vipande vilivyosimama ambavyo kila mtu anadhani ni petali za ndani. Sivyo. Ni sehemu ya kike ya ua, imejigawa mara tatu ikajipamba. Chukua ncha ya unyasi, inua kipande kimoja taratibu, utaona stameni moja imelala chini yake, imebanwa kama kalamu kwenye daftari lililofungwa. Nyuki akija kutafuta mbochi lazima apenye hapo, na mgongo wake unafagia chavua. Picha ya kutoka juu, ile ya sebuleni, haionyeshi stameni hata moja. Ya ubavuni, kamera ikiwa chini sawa na ua, inazionyesha. Na usiseme utarudi alasiri, kwa sababu maua mengi ya jenasi hii, yaani kundi hili la spishi za karibu, hukaa wazi kwa saa chache tu.

Sasa okidi zenyewe. Kinachoifanya okidi iwe okidi ni kwamba sehemu ya kiume na ya kike zimeungana zikawa kinguzo kimoja katikati, na petali moja imejitofautisha na nyingine ikawa mdomo. Ukishajua hivyo, pale Kitulo swali linalofuata ni la mikia. Okidi nyingi za pale zina kimkia chembamba, kijifuko kirefu kinachohifadhi mbochi, na kazi yako ni kujua viko vingapi na vinatokea wapi.

Disa ana kimoja, na kinatoka kwenye kofia, yaani ile sepali (jani la nje la ua) ya juu iliyojikunja kama kofia ya koti la mvua. Satyrium ana viwili. Na Satyrium ana kituko kingine: ua lake limekaa kichwa chini. Okidi wengi wanapochanua hujinyonga nusu mzunguko ili mdomo ukae chini, wadudu wapate pa kutua. Satyrium hajinyongi. Mdomo umebaki juu, umejikunja ukawa pango, na ile mikia miwili inaning'inia nyuma yake. Kwa mbele unaona shada la waridi lenye vitundu, basi. Zunguka nyuma uone vimkia viwili viwili vimeshuka sambamba na shina, ua baada ya ua, kuanzia chini mpaka kileleni. Mara ya kwanza nilipowaona kupitia lenzi nilisahau kubonyeza. Habenaria naye ana kimkia kimoja, ila chake kinatoka kwenye mdomo, na mdomo wenyewe mara nyingi umepasuka vipande vitatu vyembamba. Mtu anayeshindwa kutofautisha hawa watatu kwenye picha mara nyingi si mjinga, ni kwamba mpiga picha alisimama mbele.

Tahadhari moja tu: mkia peke yake haukupi okidi. Delphinium ana mkia. Impatiens, wale wanaorusha mbegu ukiwagusa, nao wana mkia. Rudi katikati ya ua uangalie kama kuna kile kinguzo.

Kuhusu majani nilifundishwa na mama mmoja wa Matamba, na nadhani anazijua okidi za uwanda ule kuliko watu wengi wenye shahada. Zamani, kabla ya hifadhi, alikuwa akichimba viazi vya okidi hizo. Viazi vya okidi vinakwenda Zambia kutengenezwa chikanda; vinapondwa, vinachanganywa na karanga, vinapikwa mpaka vinashikana na kukatwa vipande. Wanunuzi walikuwa wakija vijijini na magunia yanaondoka kuelekea Tunduma, mpakani. Tafiti za wakati ule zilihesabu viazi kwa mamilioni kwa mwaka kutoka nyanda hizi za kusini, na biashara hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda uhifadhiwe. Leo anauza viazi mviringo vya kawaida na ananisindikiza kwenye mabonde yaliyo nje ya mpaka, karibu na mashamba yao.

Nilikuwa nimepiga goti mbele ya Satyrium, namaliza na kitako cha shina, naye amesimama nyuma yangu na mwavuli.

"Mwanangu, mbona majani yake hujayapiga?"

"Si haya hapa, mama, yamebana shina?"

"Hizo ni nguo tu. Majani yake yale pale."

Akanyoosha kidole hatua moja pembeni, kwenye chipukizi fupi lenye majani mapana lililokaa kama mmea mwingine kabisa. Alikuwa sahihi. Disa na Satyrium kadhaa hutoa shina la ua upande huu na majani kwenye chipukizi lisilochanua upande ule, na chini ya udongo ni mmea mmoja. Mchimbaji alilazimika kulijua hilo, kwa sababu anayesubiri ua achimbe atakuta wenzake wamepita. Yeye huitambua okidi ikiwa bado ni jani tu. Akanieleza pia kwamba chini kuna viazi viwili: cha zamani, laini, kinachokwisha, na kipya kigumu. Wanunuzi walitaka kigumu. Na kigumu ndicho cha mwaka ujao.

Tangu siku hiyo fremu zangu za mmea mzima ni pana zaidi. Naacha nafasi pembeni hata kama sijui ni ya nini.

Ukoo wa alizeti ni mtihani wa namna nyingine. Pale unapoona ua moja ni mkutano wa vijiua vingi vilivyobanana kwenye kitako kimoja, na kinachowatenganisha ndugu hawa mara nyingi ni yale magamba ya kijani yaliyopangana chini ya kitako. Kwa hiyo mgongo tena. Helichrysum, wale wanaokauka bila kunyauka, wana magamba yanayong'aa kama karatasi, meupe, ya njano au ya waridi, na hayo ndiyo watu wanayaita petali zake. Magamba hayo yanafuata hali ya hewa: unyevu ukizidi yanajifunga, jua likitoka yanafunguka. Asubuhi ya ukungu utakuta kilima kizima kimefumba, utadhani msimu umepita. Wapige wakiwa wamefumba, maana hapo mgongo unaonekana vizuri, kisha kunywa chai usubiri wafunguke.

Na ukiwa karibu na mashamba, ua jeupe lenye kitovu cha njano lililojipanga kwa mistari ni pareto. Imeletwa, inalimwa kwa ajili ya dawa ya wadudu, na wakulima wa Makete wanaijua tangu utotoni. Nimeona picha zake zikisifiwa kama ua adimu la milimani. Mistari ya shamba ilikuwa inaonekana nyuma.

Programu za simu za kutambua mimea ninazitumia, ila nazipa cheo cha mgambo, sio hakimu. Kwenye ukoo na jenasi zinasaidia sana. Kwenye spishi hupenda kukupeleka Ulaya, kwa kuwa picha nyingi zilizofundishiwa zimetoka huko. Geranium ya Kitulo inapewa jina la binamu yake wa Uingereza bila haya. Nikipata jenasi nakwenda kwenye orodha kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, yenye mimea zaidi ya 12,000. Lugha yake kavu, michoro michache, lakini inakuuliza maswali sahihi: kimkia kina urefu gani, jani lina vinyweleo upande upi. Maswali hayo ndiyo yaliyonifundisha nipige nini. Majina yenyewe hayatulii. Violeti wa Usambara, aliyepelekwa Ujerumani mwaka 1892 na kuitwa Saintpaulia kwa heshima ya afisa aliyemchukua Tanga, siku hizi wataalamu wamemwingiza ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Ndiyo maana kwenye daftari naandika maelezo kwanza na jina baadaye, kwa penseli.

Daftari lina kazi nyingine pia. Kamera nyingi, na simu hasa, zinadanganya kwenye zambarau na buluu. Ua la zambarau linatoka buluu ya sare ya shule. Naandika rangi niliyoiona kwa macho. Naandika harufu. Naandika nani alikuwa juu yake, nyuki, nzi au mbawakawa. Ua jeupe napunguza mwanga kidogo kabla sijapiga, vinginevyo mishipa ya petali inapotea. Wingu ni rafiki. Jua la saa sita linafaa kukaushia nguo. Upepo wa Kitulo haupumziki, kwa hiyo kasi ya shata naiweka 1/500 au zaidi na kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, bila huruma; picha yenye chenga inatambulika kuliko iliyotikisika. Kuna wanaobana shina kwa klipu, sawa, ila sipendi kuona watu wanang'oa majirani wa ua ili mandhari yawe safi. Kulala kifudifudi nako kuna gharama, maana chini ya tumbo lako pia kuna mimea. Mimi natandika kiroba kidogo cha magoti na kutumia kioo cha kamera kinachogeuka.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba picha ya kutambulia ni hatari kwa mmea kuliko ya kupendeza. Ikiwa imepigwa vizuri, inasema huu ni mmea gani, umeota kwenye udongo upi, na simu inaongeza yenyewe umeota wapi, kwa vipimo vya setilaiti vinavyofichwa ndani ya faili. Ukiituma WhatsApp kama picha vipimo hivyo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti, ili isipoteze ubora, vinakwenda nayo. Mwalimu wangu anataka dokumenti, na namtumia. Kwenye iNaturalist, mtandao wa watu kuweka picha za viumbe na kutambuliana, mimea iliyoorodheshwa kuwa hatarini hufichiwa mahali ilipoota kwa kusogezwa kwenye ramani, na okidi nyingine zisizofichwa nazificha mwenyewe. Okidi wote ulimwenguni biashara yao ya mipakani inadhibitiwa na mkataba wa CITES, lakini mkataba haukai bondeni usiku kulinda. Mteja akiniuliza hili umelipiga wapi, namjibu Kitulo. Ni kilomita za mraba 413, ajitafutie.

Kuna Habenaria mmoja wa kijani-nyeupe ambaye bado hatujamalizana naye. Mwalimu anasema picha za mdomo zinatosha ila kimkia kimefichwa na jani la kikonyo, na anataka kujua kama ua linanukia jioni, maana Habenaria wengi wa rangi hiyo wanategemea nondo. Mama wa Matamba anasema linanukia, tena sana, baada ya giza kuingia. Februari nimeomba chumba kwake siku mbili. Amekubali kwa sharti kwamba nimpigie pia picha ya familia, ya uso, yenye mwanga mzuri.